Manowari ya Angani Iliyoitwa Thuku

Benchi la Shella, mjini Malindi, lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na wenyewe walikuwa vivyo hivyo: watatu wa kusimama imara na mmoja wa kuegemezwa. Lilikaa nje ya karakana ya baiskeli ya Lewa, ambaye watu walimwita Roketi, kwa sababu alizaliwa Ngomeni na kila hadithi yake ilianzia kwenye zile roketi za Wataliani alizoziona utotoni zikipaa kutoka baharini. Kando yake alikaa Katana, tarishi mstaafu wa ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, jina la kijiweni Tarafa, maana alipostaafu aliondoka na lugha yote ya ofisi akawaachia viti tu. Kahawa ilikuwa ya Mumbua, mama wa Kikamba mwenye dele la shaba na jiko la makaa. Yeye walimwita Benki Kuu: akifunika dele, nchi imefilisika. Na wa kuegemezwa alikuwa Nahashon, au Stoo, mtunza stoo wa hoteli moja ya ufuoni, mtu wa bara, ambaye mkewe Nyakio alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki ile, na ambaye alasiri hiyo alikuwa amefukuzwa nyumbani kwa maneno machache: "Usirudi hapa bila jina la mtoto." Mwanamume mwenye akili angekwenda mahali akafikiri. Nahashon alikwenda kijiweni.

Alikuja na boksi lake kwapani kama kawaida. Mgeni mmoja Mjerumani alilisahau chumbani, hoteli ikalitunza, mwenyewe asiulize, hatimaye likawa la mtunza stoo. Ndani mlikuwa na ubao mweusi uliojaa nyota, dadu mbili, vijimeli vya bati vyenye mikia ya moto, na kitabu cha masharti kwa Kijerumani, lugha ambayo pale benchini hakuna aliyeijua zaidi ya salamu. Kwa picha walielewa kwamba ni mchezo wa vita vya manowari za angani, karne ambayo haijafika. Walielewa pia, kwa mistari mitupu iliyochorwa chini ya kila picha, kwamba kabla ya bomu la kwanza kurushwa, serikali sharti iwe na jina na kila manowari iwe na lake. Tangu masika walikuwa kwenye majina, na bomu la kwanza lilikuwa bado. Wala hakuna aliyelalamika, maana raha yote ilikuwa humo.

— Kikao kimefunguliwa, alisema Katana, akiweka kofia yake gotini. Jina la serikali tulilopitisha ni lipi?

— Serikali Tukufu ya Muungano wa Nyota za Karibu na za Mbali Kiasi, alijibu Lewa kwa pumzi moja.

— Pamoja na Visiwa Vyake, Mumbua alikumbusha.

— Angani kuna visiwa gani, Benki Kuu?

— Na mwezi ni nini? Si uko peke yake, umezungukwa na kitu kisicho ardhi?

Katana alitafakari, akakubali kwa niaba ya mamlaka.

— Iandikwe hivyo. Sasa, serikali haiendeshwi kwa jina tupu. Nimewaza. Zuhura iwe mkoa. Mirihi iwe wilaya. Mwezi utakuwa lokesheni yenye chifu wake na chifu msaidizi.

— Chifu akae mwezini afanye nini, Mzee Katana? Kule hakuna watu!

— Ataitisha baraza.

— Amwite nani?

— Weye Lewa hujui utawala. Chifu huitisha baraza kwanza, watu huja baadaye.

Nahashon alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Hiyo ndiyo dawa aliyokuwa ameifuata. Nyumbani kulikuwa na swali moja tu, nalo lilimkaba. Hapa kulikuwa na maswali mia, na hakuna hata moja lililomuuma.

— Na adui je? Lewa aliuliza. Vita ni pande mbili. Hizi nyekundu ni za Stoo, hizi za buluu zangu. Sasa nani serikali, nani mwasi?

Katana alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama hata juu. Miaka ile neno hilo halikutamkwa kwa sauti hata kama unazungumzia panya wa jikoni.

— Shh! Lewa, una watoto weye! Nchi hii chama ni kimoja, na anga nayo chama ni kimoja. Hakuna mwasi, hakuna mpinzani. Nyekundu ni za serikali, na buluu ni za serikali.

— Zote?

— Zote. Bega kwa bega.

Wakaridhika. Mumbua akamimina raundi nyingine, kikombe cha Katana mwisho, kwa kuwa kilikuwa na ufa na kilivuja kikikaa.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Lewa akikitazama kile kikombe. Kwa hivyo, majina ya manowari.

— Kabla ya jina, herufi, alisema Katana. Landrova ya serikali ina GK kwenye namba. Manowari nayo iwe na GK mbele ya jina. Isiyo na GK ni ya magendo, ikamatwe popote ilipo, hata nyuma ya jua. Na majina yenyewe yawe ya heshima. GK Maendeleo. GK Utiifu. GK Barua Yako Imepokelewa.

— Na GK Njoo Kesho, alisema Mumbua. Hiyo ndiyo ninayoijua mimi. Nimeipanda miaka mingi.

— Tafadhali, Benki Kuu, usiikejeli serikali ya anga. Bado changa.

— Sikejeli. Mimi nasema mambo haya mnayatafuta mbali. Kwetu Ukambani mtoto anakuja na jina lake mkononi. Mimi nilizaliwa mvua inanyesha, nikaitwa Mumbua, basi, kazi imekwisha. Hizi zilitoka kwenye boksi siku gani?

— Siku ya jua kali, alisema Nahashon. Nakumbuka nilikuwa na jasho mpaka kwenye soksi.

— Basi zote ziitwe Jua. Jua la kwanza, Jua la pili, Jua la soksi.

— Zikiitana kwenye redio itakuwaje? Katana alishtuka. "Jua njoo!" Zinakuja zote! Hiyo ni ajali ya barabarani, na huko juu trafiki hakuna.

Lewa alikuwa ameinuka, na Lewa akiinuka benchi hupiga magoti upande wa tofali. Wakalishika.

— Nisikilizeni. Mimi nimeziona roketi kwa macho yangu, Ngomeni, nikiwa na kaptula bila kifungo. Nimeuona ule moto. Kitu kile hakipandi juu kwa mafuta tu. Kinapanda kwa sababu kuna mtu mkubwa ndani yake anayekisukuma. Sisi Wagiriama mtoto anapewa jina la mkubwa wake, na mkubwa yule anarudi ndani ya mtoto. Basi manowari nayo! Mkono mtupu haulambwi, ndiyo maana meli haiwezi kwenda vitani bila mzee ndani yake. Hii kubwa yangu ni hawe, nyanyangu mzaa baba, Kahonzi. Alimfukuza mtoza kodi kwa mwiko, kutoka mlangoni mpaka kwenye shamba la jirani, na uji ukiwa bado kwenye mwiko. GK Kahonzi! Sasa nani huko angani atasimama mbele yake?

Wote waliinamisha vichwa kwa kuustahi ule mwiko.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema Katana polepole. Ndiyo sababu kila manowari lazima iwe na choo. Lakini hoja ya Lewa naiona ina uzito. Ipigiwe kura ya mlolongo. Wanaoiunga mkono wapange mstari nyuma yake.

Nahashon akasimama nyuma ya Lewa. Mumbua akapanga mstari akiwa ameketi, kwa kusogeza kigoda. Katana akatembea hatua chache, akawahesabu kwa kidole, akajihesabu na yeye, akatangaza kwamba hoja imepita bila kupingwa. Walishangilia hata kuku wa jirani wakapanda ukutani.

— Haya, Stoo, alisema Lewa, akiisukuma mbele ile manowari kubwa nyekundu. Kila mtu kwa desturi ya kwao. Kwenu wa kwanza anaitwaje?

Nahashon aliona shimo lile wakati mguu umeshaingia.

— Kwetu... mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake, baba wa baba yake.

— Na baba yako anaitwa nani?

— Thuku.

— GK Thuku! Lewa alipiga kofi. Sikia lilivyo zito! Likianguka linatoboa ubao!

— Haiwezekani, alisema Nahashon.

— Kura imepita, Stoo.

— Haiwezekani, nimesema. Baba alikataza.

Alisema kwa sauti ambayo benchi halikuwa limeizoea, na Mumbua akaacha kupuliza makaa. Ndipo Nahashon akawaambia, huku akikitazama kikombe. Alipoamua kuacha shamba aje kufanya kazi Pwani, baba yake alisimama langoni na panga la kukatia ua mkononi, akasema: "Nenda. Lakini jina langu usilipeleke baharini. Halitaoga maji ya chumvi." Tangu hapo hawakusemezana. Nyakio ndiye aliyekuwa akituma salamu, na salamu zilikuwa zikipokelewa, lakini hazikurudi.

— Kwa hivyo mtoto... alisema Mumbua.

— Kwa hivyo mtoto anaitwa Huyu. "Mshike Huyu, Huyu analia, Huyu amelowa." Nikimwita Thuku nimeivunja amri ya baba. Nikimwita jina lingine nimeuambia ukoo mzima kwamba sina baba, naye yuko hai anapalilia viazi. Nifanyeje, jamani? Nilikuja hapa nisahau kidogo.

Lewa alikuna shingo, akaona aibu ya kulisifu lile jina kwa makelele. Lakini Katana alikuwa ameshavaa kofia yake, na Katana akivaa kofia jua kwamba sheria imepata tundu.

— Amri yasemaje? Neno kwa neno.

— "Usilipeleke baharini. Halitaoga maji ya chumvi."

— Bahari. Chumvi. Je, ilitaja anga?

— Baba yangu ataje anga ya nini?

— Ilitaja au haikutaja?

— Haikutaja.

— Basi! Kisichotajwa kimeruhusiwa. Manowari hii haigusi bahari. Inapita juu yake kabisa.

— Ngoja, alisema Mumbua. Kama hakuna maji huko, mbona mnaziita manowari? Mbona mna manahodha? Maji yapo, nyinyi mnayaficha.

Swali lilikuwa kali na lingeweza kuua kesi, lakini Lewa alikuwa ameshapaa.

— Yapo! Nani alisema hayapo? Juu kule ni bahari iliyogeuzwa kifudifudi! Mwadhani mvua yatoka wapi? Inavuja! Nyota ni matundu tu, usiku unaona mwanga wa upande wa pili. Sasa nawauliza: mvua ina chumvi?

Wote wakamgeukia Mumbua, aliyezaliwa mvuani.

— Haina, alisema Mumbua kwa kiapo. Nimeinywa tangu siku ya kwanza.

— Maji baridi! Katana alipiga goti. Bahari ya maji baridi! Mzee Thuku anaweza kuoga humo hadi ashibe, na amri yake iko palepale, haijakunjwa hata pembe!

Nahashon alitaka kukataa, lakini kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamtoka tena, na machozi yakafuata kicheko. Mumbua akachovya kidole kwenye kahawa akainyunyizia ile manowari, na hivyo GK Thuku ikazinduliwa.

Ila uzinduzi ulileta taabu yake. Meli ikishakuwa mzee wa mtu, huisukumi kwa kidole kama ganda la ndizi. Lewa alikuwa na nafuu, kwa sababu mjukuu na nyanya ni watani.

— Mke wangu Kahonzi, songa kidogo, mumeo apite.

Akaisogeza. Nahashon, yeye, hana utani na baba. Ilibidi aketi vizuri na kufunga kifungo cha shati.

— Shikamoo, baba. Naomba, kama hutajali, usogee nyota mbili.

— Marahaba, alijibu Katana kwa niaba ya serikali.

Hivyo vita vikaanza, vita vya adabu kuliko vyote vilivyopata kupiganwa. GK Kahonzi ilimpisha GK Thuku kwenye njia nyembamba. GK Thuku ilisimama kando ya Zuhura kumuuliza Kahonzi hali ya mgongo. Mara mbili Katana aliamuru mashambulizi, na mara mbili manahodha walisema wazee wamechoka na safari.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge! alifoka Katana. Rusha dadu, Lewa! Hii ni vita au ni matanga?

Lewa akarusha dadu kwa shingo upande, macho kafumba. Zikabiringika kwenye Mirihi, zikagonga mwezi, zikatulia. Sita. Na sita.

Katika kitabu cha Mjerumani kulikuwa na picha moja ambayo haikuhitaji mkalimani: dadu mbili za sita, moto mkubwa, na mkono unaoiondoa meli ubaoni.

— Hawe! Lewa alishika kichwa. Hawe, umefanya nini! Mzee wa watu!

— Dadu zimeteleza, alisema Mumbua haraka. Mimi nimeona. Ubao una kahawa.

— Zimeteleza, alikubali Katana, ambaye maishani hakuwahi kukubali kitu haraka hivyo.

Lakini Nahashon alikuwa tayari ameifunika ile manowari kwa kiganja, akaikumbatia ngumini.

— Hatoki, alisema. Baba hatoki.

Alishangaa kuona anakilinda hivyo kipande cha bati. Alimkumbuka mzee wake langoni na lile panga, na kwa mara ya kwanza alikumbuka kwamba hata ua haukuwa unahitaji kukatwa siku ile. Alikuwa amelichukua panga apate kitu cha kushika. Nahashon alimtamani baba yake pale pale, hadharani, mbele ya dele la kahawa.

— Habari zenu hapa, ilisema sauti nyuma yao.

Wakageuka. Alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti la sufu la baridi ya milimani, kwenye joto la Malindi, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Mkononi alikuwa na kiondo kilichojaa viazi na nduma mpaka mshipi wake unalia.

— Shikamoo, mzee, walisema watatu. Wa nne aliinuka, ngumi yake bado imefungwa.

— Marahaba. Nimetoka nyumbani kwa huyu, alisema mzee, akimwonyesha Nahashon kwa kidevu. Mke wake alinitumia salamu kwamba kuna mtoto. Nimemwona. Nikauliza mtoto anaitwa nani. Mama yake akaniambia: nenda ukaulize kwenye benchi.

Benchi lilitazama chini lote. Katana aliondoa kofia kichwani.

— Baba, alisema Nahashon. Jina tunalo. Tunangojea mwenyewe aliruhusu.

Mzee akainama kidogo. Alikuwa akiutazama ule ubao mweusi wenye nyota na kahawa.

— Hii ni nini?

Alijibu Lewa, ambaye ulimi wake haukupata kufundishwa kuogopa.

— Hili ni jeshi la majini la angani, mzee. Hii ni hawe yangu. Na wewe... wewe uko ndani ya ngumi ya mwanao.

Nahashon alifungua mkono. Mzee Thuku akaichukua ile manowari, akaigeuza, akaupima mkia wake wa moto kwa kidole gumba.

— Huyu ndiye mimi?

— Ndiye, mzee.

— Na mbona mmenificha?

— Umepigwa, alisema Lewa. Na hawe. Lakini kwa bahati mbaya, na baada ya salamu.

Mzee alikaa kwenye ncha ya benchi, upande wa tofali, na benchi likamvumilia. Akaiangalia meli nyekundu mkononi, akaiangalia ya buluu ubaoni, akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa nielezeni. Mimi hapa nilikuwa napigana na nani?

Lewa alimtazama Katana. Katana alifungua kinywa kutoa jibu la serikali, akakumbuka kwamba nyekundu ni za serikali na buluu ni za serikali, akakifunga. Mumbua aliinamisha dele juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja na vipande vya tangawizi. Masika yote, kiangazi chote, serikali tukufu, mikoa, lokesheni, GK, na hakuna aliyekuwa na jina la adui.

— Hamjui, alisema mzee.

— Hatujui, alikiri Katana.

— Hata mimi sijui, alisema Mzee Thuku, na sasa hakuwa akiitazama meli. Alikuwa akimtazama mwanawe. Nimekaa kwenye basi tangu jana alfajiri nikijiuliza, na sijui.

Kisha akasimama, akaitia ile manowari ndani ya mfuko wa koti na kuupigapiga mfuko kuhakikisha imekaa.

— Mzee, hiyo ni ya mchezo, alisema Lewa.

— Naipeleka kwa mwenyewe.

— Mwenyewe nani?

— Thuku, alisema mzee. Si nimemwacha amelala nyumbani?

Akaanza kwenda, kwa hatua ndefu za mtu wa milimani, akikosea njia tangu kona ya kwanza. Nahashon alikinyakua kiondo na kumkimbilia, akaacha boksi, akaacha ubao, akaacha kiatu kimoja chini ya benchi, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa na haraka ya kufika kwake.